Vidato vya Kazungu

Mmeniomba niwaandikie yale ambayo huwa sisemi kwenye mkutano wa asubuhi, wakati kila mtu anatafuta glavu zake na dereva anapiga honi. Sasa nina nafasi. Tangu kampuni iliponiambia kwamba kwa umri wangu kibali hakitaongezwa tena, nakaa chumbani mtaa wa Najma, hapa Ghuba, nikingoja tiketi, nasikiliza kiyoyozi kikilalamika, na sina mdudu wa kumtafuta isipokuwa kunguni, ambao wamenishinda. Sitawaeleza nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Hayo mnayajua kuliko mimi, maana ninyi ndio mnaoyazungumza. Nitawaeleza kazi. Na nitawaeleza habari za Kazungu, kwa sababu wengi wenu mmesikia kwamba kulikuwa na mpandaji, yaani mkwea miti, aliyeua mitende ya mtu mtaa wa Al Thumama, na mlivyosikia sivyo.

Mimi ni mtu wa Marigat, Baringo. Kwetu kuna mti tunaouita mathenge. Uliletwa na watu waliotutakia mema, uzuie vumbi na utupe kuni. Ulizuia vumbi, ukatupa kuni, kisha ukaendelea. Ukafunga malisho, ukafunga njia za maji, na mbuzi waliopenda maganda yake matamu wakabaki na midomo isiyo na meno. Siku yangu ya kwanza hapa, basi la kampuni lilitushusha kwenye uwanda nje ya mji, nikapewa sururu na kuonyeshwa kichaka cha kung'oa. Nikakitazama. Nikaanza kucheka peke yangu, na msimamizi akamwambia dereva alete maji haraka, akidhani jua limenipata. Nilikuwa nimepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, nikavuka bahari, ili nikutane na mathenge.

Msimamizi huyo alikuwa Iqbal, Mpakistani mfupi mwenye ndevu zilizopakwa hina, na ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Tulimwita Iqbal bhai, yaani kaka Iqbal. Alinifundisha kwamba mti ule ukiukata juu ya udongo, umeunyoa tu, nao utarudi na mashina mengi kuliko uliyoyakata. Lazima ufukue mpaka chini ya shingo ya mzizi, mahali ambapo machipukizi hutokea, ndipo ukate. Kwetu tulikuwa tumekata juu miaka yote. Nilipomwambia hivyo, Iqbal hakunicheka. Alisema, "Kwetu pia," akaendelea kuchimba.

Baadaye tulipewa mitego ya ndege wale weusi wenye mdomo wa njano, mnaowaona wakigombana kwenye mapipa ya taka. Nao si wa hapa. Waliletwa vizimbani, wakatoroka, wakazoea, na sasa wanafukuza ndege wadogo kwenye viota vyao. Kuhusu hao sina mengi ya kuwafunza. Ukimnasa mmoja mbele ya wenzake, wenzake wanakujua sura. Nilikuwa nikipita Najma bila sare na bado wananipigia kelele.

Kazi yangu ya maisha, hata hivyo, ilikuwa mitende, na adui wa mitende ni susa. Mnamjua, lakini nitamweleza tena, kwa sababu kila mwaka huwa kuna mmoja wenu anayeitikia kwa kichwa bila kuelewa. Msione aibu, mimi niliitikia kwa kichwa miezi mingi. Susa ni fukusi mwekundu wa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mwenye pua ndefu iliyopinda. Hakuzaliwa Ghuba. Alifika akiwa ndani ya miti iliyosafirishwa kutoka mashariki, akakuta mashamba na bustani zimejaa chakula chake na hakuna anayemjua. Yeye mwenyewe hafanyi madhara makubwa. Anachotafuta ni jeraha. Mtende uliokatwa makuti mabichi, au uliong'olewa chipukizi ubavuni, unatoa harufu ambayo sisi hatuisikii, naye anaisikia kutoka mbali. Anakuja, anatoboa penye jeraha kwa pua yake, anataga. Funza wake, weupe, wanene, wasio na miguu, wanakula ndani ya shina wakielekea moyoni. Nje mti ni wa kijani na unapendeza. Siku unapoinamisha kichwa, ulishakufa zamani.

Iqbal alinifundisha kuusoma mti kwa pua na sikio. Unabandika sikio kwenye shina asubuhi na mapema, kabla magari hayajaanza, unasikia kama mtu anayetafuna mkate mkavu chumba cha pili. Alinifundisha kutoboa shina kwa mshazari, kumimina dawa, na kuziba tundu kwa udongo. Alinifundisha kukata makuti wakati wa baridi tu, na kupaka dawa ya kuziba kila kidonda siku hiyohiyo. Lakini somo alilolirudia mpaka likanichosha lilikuwa la ndoo.

Ndoo ndiyo mtego wetu. Ina matundu ubavuni, imefungwa gunia kwa nje ili mdudu apate pa kushika, imezikwa nusu. Ndani kuna tende zilizovunda, maji yenye sabuni, na chini ya kifuniko kinaning'inia kifuko cha harufu kinachomwambia susa kwamba wenzake wako hapa na mambo ni mazuri. Akiingia, anazama. "Sasa sikiliza, Chebii," Iqbal alikuwa akisema, akinigonga kifuani kwa kidole. "Maji yakikauka, hiki si mtego. Ni mwaliko." Ndoo kavu inaita susa wa mtaa mzima, nao wakifika hawakuti pa kuzama, wanatazama huku na huku, wanaona mtende. Kwa hiyo ndoo hukaa mbali na mitende, nje ya mpaka wa bustani, kivulini, na maji hutazamwa kabla hayajaisha. Kwa joto la hapa, hayachelewi kuisha.

Iqbal alirudi kwao. Meneja akabadilika, akaja huyu mliyemkuta. Meneja huyu aligundua jambo ambalo Iqbal hakulijua, kwamba mteja hafurahishwi na ndoo asiyoiona. Akaagiza kila bustani ya mteja mkubwa iwekewe ndoo mpya ya rangi ya njano, langoni, mgeni anapoingia tu. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama nina la ziada, kisha ndoo zikaenda langoni.

Kazungu alikuja wakati huo. Mgiriama wa Kilifi, mwembamba, mikono mirefu, mkwezi wa minazi na mtoto wa mkwezi. Nyumbani alikuwa na watoto wanne na mama aliyepofuka, wote wakimtegemea yeye, na alikuwa amefanya ulinzi kwenye jumba moja la West Bay, kusimama mlangoni mchana kutwa, mpaka miguu ikavimba. Aliposikia kampuni inatafuta mpandaji aliomba kuhamishwa, na siku kibali kilipokubaliwa alikuja stoo akicheka kama mtu aliyeachiwa.

"Nyie watu wa bara mnajua mbuzi tu," aliniambia siku ya kwanza. "Mti mnauona kama kuni zilizosimama."

"Na ninyi watu wa pwani mnapanda huko juu kufanya nini, kama si kukimbia kazi ya chini?"

"Huko juu hakuna msimamizi, bwana. Hiyo ndiyo faida yake."

Alipanda vizuri sana. Nimeona wapandaji wengi, wanapanda wakipigana na mti. Kazungu alipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake kwenda kulala. Wateja walitoka kumtazama. Mmoja wao, Abu Nasser, mzee wa Al Thumama mwenye mitende mitatu uani iliyotoka bustani ya baba yake, alikataa mpandaji mwingine yeyote. Alimtolea Kazungu kahawa na tende, akamkalisha kwenye zulia, jambo ambalo mimi sikuwahi kufanyiwa, ingawa ndoo zake nilizijaza mimi.

Mwishoni mwa majira ya baridi mtende unahitaji kukwewa mara kwa mara. Maua ya kike lazima yapakwe chavua ya dume kwa mkono, shada moja leo, jingine wiki ijayo, kadiri yanavyofunguka. Mwaka ule mimi nilikuwa likizo Marigat. Mitende ya Abu Nasser ilikuwa imeparuliwa shina likawa laini, kwa sababu wajukuu walitaka kuizungushia taa za sikukuu. Shina laini halina pa kukanyaga. Mshipi wa kupandia aliopewa Kazungu ulikuwa umechakaa, aliomba mwingine, akaambiwa utakuja. Gari lenye ngazi lilikuwa limepelekwa kwa mteja mkubwa zaidi. Kazungu akateleza mara moja, akaning'inia kwa mkono. Alipotua chini akafanya kile ambacho mkwezi yeyote wa kwao angefanya. Akachukua panga, akachonga vidato.

Kama hukukulia pwani, kidato ni hatua ya kukanyagia, mkato mdogo kwenye shina la mnazi, mmoja huku, mwingine kule, kutoka chini mpaka kileleni. Nenda Kilifi, utaona minazi ya babu za watu ina vidato na inazaa mpaka leo. Mkato unakauka, mti unaendelea. Kwa mkwezi, kuchonga vidato vizuri ni adabu. Anayepanda baada yako hatavunjika shingo.

Niliporudi nilivikuta. Vilikuwa vizuri, nakubali. Safi, vya umbali mmoja, vya kina kimoja.

"Kazungu, hivi ni nini?"

"Vidato. Mbona unaniangalia hivyo? Hata wewe sasa unaweza kupanda, na mbuzi wako."

Nikamkalisha chini kwenye kivuli cha ukuta, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi: jeraha, harufu, pua, funza. Mara ya kwanza alibisha kwamba mti ni mti. Nikampeleka stoo, nikampasulia kipande cha shina tulichokuwa tumekiokota kazini. Funza wakaanguka wakijikunja. Akanusa kile kipande, akasema, "Kinanuka mnazi uliochacha," yaani pombe ya kwao. Kisha akauliza, "Wameshaingia kwa mzee?"

"Sijui bado."

Kesho yake tulirudi wote wawili, tukapaka dawa ya kuziba kila kidato, Kazungu juu na mimi chini, hakutania hata mara moja. Tulipomaliza nikatazama ndoo ya njano langoni, hatua chache tu kutoka mtende wa kwanza. Nikafungua kifuniko. Kifuko cha harufu kilikuwa kipya. Ndani ya ndoo hapakuwa na tone la maji. Wakati wa likizo yangu hakuna aliyepewa zamu ya kujaza, lakini mtu alikuwa amepewa zamu ya kuifuta nje, maana iling'aa.

Niliijaza. Nilimwomba meneja ruhusa ya kuiondoa, iende nje ya ukuta. Akasema mteja anapenda kuiona. Nikamwendea Injinia Mona, Mmisri anayesimamia dawa, mwanamke mkweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Chebii, haya yote nayajua. Nimeyasema kwenye kila kikao. Wananiambia ndoo ya langoni inauza mikataba." Akanipa dawa ya kudunga kwenye mashina, zaidi ya kiwango alichoruhusiwa kutoa. Ndicho alichoweza.

Tulidunga. Tulisubiri. Tende za mwaka ule zilikuwa nyingi, lakini hazikuliwa kwa sababu ya dawa, na Abu Nasser aliagiza zizikwe, akasimama akitazama zikifukiwa. Kazungu alianza kufika kazini mapema kuliko dereva ili abandike sikio kwenye yale mashina kabla magari hayajaanza. Asubuhi moja alinipigia simu. Hakusema salamu.

"Wanakula," alisema. "Mtende wa katikati. Nasikia mpaka kwenye meno yangu."

Mpaka joto lilipoisha, yote mitatu ilikuwa imeoza ndani.

Meneja akaniita twende naye kwa Abu Nasser. Tulikuta kiti kimetolewa uani. Mzee hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyefika hospitali akaambiwa asubiri nje. Aliniuliza mimi, si meneja, kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe, "Wewe uliyekuwa ukija siku zote, nieleze. Nini kimeiua?"

Kiarabu changu kinatosha dukani na kwenye teksi. Kwa jambo kama hilo niliongea Kiingereza, na meneja akatafsiri. Nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote, kwa mpangilio, tangu mwanzo. Nikasema mti ulijeruhiwa wakati wa kuchavusha, kwa sababu mpandaji hakuwa na mshipi mzima wala ngazi, akachonga pa kukanyaga kama wanavyofanya kwao kwenye minazi, bila kujua. Meneja akatafsiri. Nikanyamaza nimwache amalize. Nikasikia neno la panga, neno la mpandaji, neno la Kenya. Neno la mshipi sikulisikia.

Nikaendelea. Nikasema jeraha peke yake hutoa harufu, lakini harufu ya jeraha ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kifuko, na ndoo hii hapa ilikaa kavu wiki nyingi, karibu na...

"Inatosha, Chebii. Asante. Amekuelewa."

"Sijamaliza."

"Amekuelewa."

Nikaenda langoni. Nikainua kifuniko, nikamwonyesha mzee kwa mkono: mdudu anakuja, hakuna maji, anaenda kule. Siku hiyo ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Tende mpya, sabuni inatoa povu. Meneja alikuwa amemtuma mtu asubuhi. Abu Nasser alitazama maji, akatazama vile vidato vilivyopakwa dawa, vyeusi, kutoka chini mpaka juu, vinavyoonekana hata kwa mtu asiyejua chochote. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kazungu?" Meneja akainamisha kichwa kwa masikitiko. Nilisema kwa Kiarabu changu cha dukani, "Si yeye tu." Mzee alishaingia ndani.

Kibali cha Kazungu kilifutwa wiki hiyo. Lakini mitende ilikuwa kati ya ukuta na nyaya za umeme, haikuweza kuangushwa mizima, na mpandaji alikuwa mmoja. Kwa hiyo kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege alipewa kazi ya kuishusha vipande. Mshipi mpya ulikuja. Nilimwambia akatae, mti uliooza ndani unaweza kukatika na mtu juu yake, na wakati huo hakuwa na la kupoteza tena. Alisema, "Nani mwingine apande? Wewe?" Akapanda. Alikata kichwa cha mtende wa kwanza kipande kwa kipande, akavishusha kwa kamba taratibu, hakuacha hata kimoja kigonge kigae cha ua wa mzee. Mimi chini nilivifunga kwenye maturubai ili susa wasiruke. Ndani ya kila kipande walikuwa wamejaa. Abu Nasser hakutoka. Jioni mtumishi alileta kahawa, akaiweka kwenye ngazi ya mlango.

Vipande vilipelekwa kusagwa na kuzikwa, kama inavyotakiwa. Hiyo sehemu tuliifanya sawasawa. Naweza kuwaonyesha mahali.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka kwenye gari la kampuni. Alikuwa na begi moja na katoni iliyofungwa kamba, fundo la mkwezi, lile lisilolegea. Nilitaka kumwambia nilivyosema uani, kwamba nilieleza yote, mshipi, ngazi, ndoo, kwamba nilikatwa katikati. Nikaanza. Akaniwekea mkono begani.

"Najua, bwana. Mtumishi wa mzee alinisimulia, alikuwa dirishani. Alisema ulieleza vizuri sana." Akapandisha katoni ndani ya gari. "Alisema mpaka yeye alielewa kwamba ni mimi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa amesikia. Dereva akawasha gari, na nikabaki nimesimama na maelezo yangu yote.

Vijana, mimi bado naamini katika kueleza. Mkiwa hamjui, ulizeni, anayewacheka mwacheni. Fukueni mzizi, zibeni jeraha, jazeni ndoo. Lakini siku mkiulizwa mbele ya mteja nini kilichoua mti, msianze mwanzo kama nilivyoanza mimi. Anzeni na lile ambalo meneja hataki litafsiriwe, mliseme kwanza, mliseme kwa lugha ya mwenye nyumba, hata kama mtakesha mkijifunza maneno hayo tu. Mimi nilijifunza baadaye. Kavu, *naashif*. Mwaliko, *da'wa*. Nilirudi Al Thumama siku yangu ya mapumziko, nikabonyeza kengele, nikiwa nimeyapanga mdomoni. Aliyefungua aliniambia mzee amehamia kwa mwanawe, na kama nimekuja kwa ajili ya miti mipya, meneja wangu alishaileta.